Kapeti kuukuu usilichome: wasomaji wanauliza, Anti anajibu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kuhama nyumba na lile kapeti la zamani ambalo kila mtu anaishia kulitelekeza nyuma ya geti, basi maswali yamekuja mengi kutoka kila kona. Mwezi huu nayajibu hayo peke yake, maana naona wengi tunayo hii ishu na wengi tunaimaliza vibaya.

Shikamoo anti. Mi nakaa Kigogo, Dar. Mvua za juzi maji yaliingia ndani yakakaa usiku kucha, kapeti letu la manyoya la sebuleni likalowa lote. Tumelianika limekauka vizuri tu ila linanuka halafu mtoto wangu wa pili ana pumu. Mume wangu anasema tulichome nyuma ya nyumba tumalize kazi, mi roho inaniuma maana tulilinunua kwa pesa ya mchezo. Je linaokoleka?

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Naanza na hilo la kuchoma maana ndo la haraka: mwambie baba watoto asiwashe kiberiti kabisa. Kapeti la manyoya la siku hizi mara nyingi ni plastiki, na kama ni la nailoni likiungua linatoa hewa yenye sumu ya sianidi, sasa moshi huo unaingia kwako, unaingia kwa jirani ukutani hapo, na mwenye pumu ndo anaupokea wa kwanza. Na yale makapeti ya plastiki laini yasiyo na manyoya ni mabaya zaidi, moshi wake una asidi inayokata koo na sumu ya daioksini inayokaa mwilini miaka.

Sasa kuhusu kuliokoa. Ingekuwa bomba limepasuka au paa limevuja ningekwambia pambana nalo. Lakini maji ya mafuriko huko bondeni Msimbazi tunayajua, mvua ikianza tu kuna watu wanatapisha vyoo, makaro yanafurika, kwahiyo yaliyoingia sebuleni kwako ni maji ya mvua na ya chooni yamechanganyika. Na ukitaka kujua kwanini linanuka wakati kwa juu limekauka, chukua kisu ukate kona yake kidogo uangalie ubavuni. Utaona juu manyoya, chini yake kuna kitambaa chembamba ambacho manyoya yameshonewa, halafu gundi ya mpira iliyokorogwa na unga mweupe kama chaki, halafu kitambaa kingine cha mgongoni. Uchafu umeshajipenyeza humo katikati kwenye matabaka na jua halifiki. Kapeti likilowa likakaa hivyo siku moja au mbili ukungu unaanza, na ukungu hauondoki kwa kupulizia manukato.

Jibu langu ni kwamba hilo halirudi ndani, na sikushauri umpe mtu mwingine pia, hata kama atalipokea kwa mikono miwili. Vaa glovu na barakoa, likate vipande unavyoweza kubeba, vitie kwenye viroba uvifunge, halafu ongea na wale wa gari la taka mtaani kwenu wavichukue viende dampo Pugu Kinyamwezi. Watadai hela kidogo ya ziada kwa uzito, walipe. Kinachonisikitisha ni watu wanaosubiri giza waende kulibwaga mtaroni, kapeti lililolowa ni zito, linakwenda kukwama kwenye kalavati na mvua inayofuata maji yanarudi kwenu wenyewe.

Na kwa wasomaji wengine ambao yenu yamelowa maji safi: litoe ndani siku hiyohiyo, lioshe kwa sabuni ya unga, kama hapo nyumbani hamna nafasi peleka sehemu za kuoshea magari, wengi wanaosha na makapeti na wana kamba na ukuta wa kuanikia. Lianike mgongo ukiangalia jua kwanza, manyoya baadaye, watu wengi wanaanika manyoya tu halafu wanashangaa harufu. Ukibonyeza kwa kiganja katikati ukahisi ubaridi bado halijakauka, usilirudishe. Na Jik msimwage kwenye zulia la sufi (manyoya ya kondoo), Jik inayeyusha sufi kabisa, na msiichanganye Jik na siki hata siku moja kwasababu mvuke wake unaumiza mapafu.

Habari anti, niko Morogoro nina bustani ya mchicha na migomba michache. Jirani kanipa kapeti kubwa kuukuu nikaona bora nilitandike shambani lizuie magugu, mtu kaniambia ni sumu. Ukweli ni upi?

Ndugu yangu ukweli unategemea limetengenezwa na nini, na hilo unaweza kulijua mwenyewe hapohapo nyumbani.

Ng'oa nyuzi chache za manyoya, shika kwa kibano juu ya bakuli la maji, nje siyo ndani, uwashe moto kidogo. Ikiwa inanuka kama nywele zinaungua, inazimika yenyewe na majivu yake ukiyafikicha yanasagika, hiyo ni sufi. Ikiwa inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki. Nyuzi za juti, zile za magunia ya zamani, zinaungua kama karatasi au kamba ya katani. Ukitaka kujua ni plastiki ya aina gani, kata nyuzi nyingine zitie kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, uzibonyeze hewa itoke. Zikielea ni polipropilini, ile ile ya kutengenezea viroba vya mchele. Zikizama inawezekana ni nailoni au poliesta. Makapeti mengi ya bei ya chini madukani kwetu yanaelea.

Kama ni sufi tupu na mgongo wake ni wa juti, tandika tu, sufi inaoza pole pole na inauachia udongo naitrojeni, migomba itafurahi. Ila kama ni la plastiki usilipeleke shambani. Mwanzoni litakupendeza kwasababu magugu yanakufa kweli, lakini jua letu hili linakausha manyoya yanakatika vipande vidogo vidogo, gundi ya mgongoni inageuka unga, na baada ya misimu kadhaa ukitaka kulitoa linachanika mkononi na mizizi imeshapita katikati yake. Hapo mchicha wako unaota kwenye plastiki na hutoweza kuiokota tena. Uingereza kuna maeneo mengi ya bustani za kukodi ambayo yamewakataza wakulima kutandika makapeti kwasababu hiyohiyo. Tumia majani ya migomba, pumba au nyasi kavu, vyote unavyo hapo Moro.

Anti niko Umoja, Nairobi. Nimenunua mkeka wa mbao nataka kuweka kwa sitting room. Naweza tu kuweka juu ya kapeti ya zamani ndio iwe soft ama nitoe? Na nikitoa naweza iuza?

Toa mpenzi, usiwekelee. Mkeka wa mbao ni plastiki nyembamba inayotaka sakafu ngumu na iliyo sawa, ukiuweka juu ya manyoya kila mguu wa kiti na wa meza utadidimia, baada ya muda utapasuka kwenye viungo. Zaidi ya hayo unyevu wa sakafuni utanaswa kwenye kapeti la chini usipate pa kutokea, na utakuja kugundua siku nyumba nzima inanuka.

Kuliuza inawezekana kama halina doa kubwa na mgongo ni mzima. Ligeuze ulipige na kiganja, ukiona unga mweupe unadondoka gundi imekufa, hilo usimuuzie mtu, maana unga huo ataupumua kila siku akifagia. Kama ni zima lioshe, lipige picha mchana mbele na nyuma, andika vipimo kwa futi na useme ukweli kama lina alama. Utapata hela kidogo tu lakini litaingia nyumba nyingine na kufanya kazi miaka, na hiyo mimi naihesabu kuliko hela.

Anti, mimi ni kijana wa Mwanza. Naona makapeti yanatupwa sana, nimepata wazo la kuyakata nitengeneze vya kufutia miguu mlangoni niuze. Mafundi cherehani wawili wamenikatalia wanasema yanavunja sindano. Nifanyeje?

Hii barua nimeipenda kweli. Kijana wangu wazo lako ni zuri, na hao mafundi hawakukosea, cherehani ya nguo si ya kazi hiyo. Nenda kwa fundi viatu au fundi masofa, wao wana sindano nene na uzi wa nailoni, na fundi masofa anakuwa na vipande vya ngozi bandia vilivyobaki ambavyo anavitupa. Hivyo ndo vitakuwa pindo lako. Kitenge hakifai, kinachakaa mwezi mmoja. Jinzi kuukuu inafaa.

Kwenye kukata, geuza kapeti mgongo juu, chora mstari kwa chaki na ubao ulionyooka, halafu pitisha kisu kikali kwenye mgongo tu bila kufika kwenye manyoya. Ukilivuta litaachana lenyewe na manyoya yatabaki marefu mpaka ukingoni. Ukikata kutokea juu unayanyoa manyoya na kipande kinakuwa na upara pembeni, mteja anaona. Badilisha wembe mara kwa mara kwasababu ile chaki ya kwenye gundi inaufanya butu haraka sana, na vaa barakoa, vumbi lake si zuri.

Halafu usisahau usalama wa mteja wako. Kipande kidogo cha kapeti kwenye sakafu ya marumaru kinateleza, mama mjamzito au mzee akikikanyaga vibaya ni balaa. Chukua tyubu kuukuu za baiskeli au gari, zipasue, ukate vipande vya upana wa vidole viwili ubandike kwa gundi ya viatu kwenye kona nne za mgongo.

Sasa malighafi. Usihangaike kuokota majalalani, huko yameshalowa. Subiri maonyesho ya Nanenane yaishe, au tafuta wapambaji wa harusi. Yale makapeti mekundu na ya kijani wanayotandika ni membamba, hayajashonwa, nyuzi zake zimegongwagongwa kwa sindano mpaka zikashikana kama blanketi gumu. Uzuri wake ni kwamba ukilikata halifumuki hata usiposhona pindo. Limetumika siku chache tu na linatupwa. Kutoka hilo unapata vya kuwekea miguuni kwenye bajaji, vya kwenye buti ya gari, vya chini ya miguu ya makabati yasikwaruze sakafu, na maseremala wanavitaka sana vya kuzungushia meza na vitanda wakati wa kusafirisha. Gereji nako kuna soko, fundi anayelala chini ya gari siku nzima kwenye zege anakihitaji hicho kipande kuliko mtu yeyote. Mimi ningeanza na hao wa gereji na maseremala maana hawaangalii rangi, ukishapata mkono ndo uende kwenye vya mlangoni vya kupendeza.

Na kuchakata maana yake kamili, yaani kuyeyusha lizaliwe kapeti jipya, hiyo usiihangaikie, ni kazi ya viwanda vikubwa. Ukimpelekea kijana wa skrepa kapeti atakurudisha nalo kwasababu chupa ya maji ni plastiki moja na inapimwa kwenye mzani, ila kapeti ni plastiki mbili au tatu zimegandishwa pamoja na chaki.

Assalaam alaykum. Sisi ni kamati ya msikiti hapa Tanga, tumepata mfadhili wa mazulia mapya na haya ya zamani bado yana hali nzuri kiasi. Tunayatoaje?

Waalaykum salaam. Suala la wakfu, nani mwenye haki ya kuamua na yaende wapi, mpelekeeni imamu na masheikh wenu kabla ya zulia hata moja halijatoka mlangoni, mimi si wa kulisemea. Mimi naweza kusema ya mikono tu.

Desturi ya kwetu tunaifahamu, msikiti wa mjini ukibadilisha, ya zamani yanakwenda msikiti wa kijijini au madrasa, na ni desturi nzuri mno. Ila kuna watu wanayapeleka yakiwa na vumbi la miaka yote hiyo, watoto wa madrasa wanakaa chini pua zikiwa karibu na zulia kuliko mtu mzima anayeswali akaondoka. Yaosheni kwanza, yakauke kabisa. Yachagueni, ile safu ya mbele, ya karibu na mlango na ya njiani inakuwa imechakaa na nyingine bado nzima, kateni kwa kufuata ule mstari wa safu mtenganishe. Yaviringisheni, msiyakunje, zulia likikunjwa likakaa na uzito juu yake mgongo unavunjika kwenye mkunjo na hapo ndo linaanzia kuchanika. Na muulizeni mwenyeji vipimo vya chumba chake kabla hamjapakia kwenye gari, nimeona mazulia yamesafirishwa mbali yakaishia kulundikwa kwenye kona kwasababu hayakuenea.

Anti habari, mimi ni Mkongomani niko Columbus, Ohio. Mwenye nyumba anabadilisha moquette yote (kapeti la ukuta kwa ukuta) anaitupa, mimi naona bado nzuri. Ndugu zangu Goma wanaweza kuitumia, nitie kwenye kontena?

Nzuri ndugu yangu. Naelewa unavyojisikia kuona kitu kizima kinatupwa, huko Marekani sehemu kubwa ya makapeti yanayong'olewa inaishia dampo. Lakini hilo lililogundishwa au kupigiliwa ukuta kwa ukuta likishang'olewa linakuwa limevutwa, kingo zimechanika, na sponji ya chini inabaki imegandamana nalo. Kontena linafungwa wiki nyingi baharini kwenye joto, kapeti likiwa na unyevu kidogo tu litafika Goma lina ukungu na litakuwa limeambukiza na nguo na magodoro mliyoyapanga nalo. Na nafasi kwenye kontena unailipia. Tuma zulia la kutandika, lile lenye kingo zake, lililooshwa likakauka, au usitume.

Kwa hilo la mwenye nyumba, mwambie amuulize anayemuuzia jipya kama wanachukua la zamani kwenda kuchakatwa. Marekani kuna mpango wa wenye viwanda unaitwa Carpet America Recovery Effort tangu 2002, na California wana sheria inayofanya mnunuzi wa kapeti jipya alipie ada kidogo ya kuchakata ya zamani, ilianza kutozwa 2011. Nailoni ndo inayotafutwa zaidi, kuna aina yake inayoitwa nailoni 6 ambayo inaweza kurudishwa mpaka kwenye kemikali ya mwanzo na ikasokotwa uzi mpya, kampuni ya Aquafil wanafanya hivyo kiwandani kwao Ljubljana, Slovenia, wakichanganya na nyavu za samaki zilizotupwa. Kwahiyo swali lake la kwanza liwe hili ni nailoni au siyo, mara nyingi jibu litapatikana kwenye risiti ya zamani au fundi ataangalia.

Anti, naweza kutandika vipande vya kapeti kwenye banda la kuku wa kienyeji badala ya pumba?

Hapana. Kuku anadonoa kila kitu, nyuzi zitajisokota kwenye mfuko wake wa chakula pale chini ya shingo na atakufa njaa huku anakula. Halafu kinyesi kinanaswa kwenye manyoya, amonia inapanda, macho yao yanavimba. Baki na pumba au maranda ya mbao. Mbwa ni sawa, mkatie kipande kisichofumuka ukianike juani kila wiki.

Tuna magunia ya mahindi stoo, kapeti la zamani chini yake linafaa?

Nalo hapana, kapeti linafyonza unyevu wa sakafu na kuupeleka kwenye gunia. Tengeneza chaga za mbao magunia yakae juu, hewa ipite chini.

Anti kapeti letu lina kunguni. Dada wa kazi anaondoka kwenda kwao Singida anaomba tumpe, nimwambieje?

Mwambie ukweli na umnunulie mkeka mpya aende nao. Kunguni hawamalizwi kwa kuanika juani, wanakimbilia kwenye pindo na chini ya mgongo ambako hakuna joto la kutosha, na mayai yanaanguliwa baada ya wiki moja hivi, kwahiyo hata ukipulizia dawa leo ukaona wamekufa wengine wanatoka baadaye. Hilo likizunguka na basi mpaka Singida linaacha kunguni kwenye buti la basi, kwenye mizigo ya abiria wengine na kwenye nyumba ya mama yake. Lizungushie nailoni humohumo chumbani kabla hamjalitoa, lifunge kwa selotepu kote, andika juu kwa maki peni "LINA KUNGUNI" ili asije mtu akaliokota jalalani akaona amepata bahati, halafu liende na gari la taka siku ileile. Na vitanda vyenu vikaguliwe, maana kama wapo kwenye kapeti basi na kwenye chaga za kitanda wapo.